Magita Yamejaa Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuamua Lipi Libaki na Lipi Liondoke

Mwezi wa Mei, masika yakielekea ukingoni, nilivuta kasha moja lililokuwa limelala uvunguni mwa kitanda tangu Desemba. Nilipofungua vibanio, harufu ya ukungu ilinipokea kabla sijaliona gita lenyewe. Nyuzi zilikuwa zimeota kutu iliyobaki kwenye kidole gumba nilipokipitisha juu ya uzi wa sita, skrubu za pikapu, kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya, zilikuwa zimefanya weupe wa unga, na nilipochomeka kebo kwenye amplifaya, pikapu ya nyuma haikutoa sauti kabisa. Fundi aliyeipima aliniambia, "Kaka, waya wa ndani umeliwa ukakatika." Waya huo wa shaba, unaozungushwa maelfu ya mara ndani ya pikapu, kwa kawaida una unene wa takriban milimita 0.06, mwembamba kama unywele, na ukikatika mahali pamoja tu pikapu nzima imekufa. Wakati huo nilikuwa na magita 9 ya umeme katika nyumba ya vyumba viwili hapa Dar es Salaam, na nilijihesabu kuwa mtu anayeyapenda magita yake.

Ilinichukua karibu miezi sita kufika kwenye magita 4 niliyonayo sasa, na njia niliyopita ndiyo ninayoieleza hapa. Namwandikia mpigaji, awe wa bendi, wa kanisani au wa sebuleni kwake, ambaye magita yamemwongezekea moja baada ya jingine na sasa anajiuliza kama ayapunguze. Anayenunua na kuuza magita kama biashara ana hesabu zake nyingine.

Hatua ya kwanza: yatoe yote na uyaandike

Chagua siku moja usiyo na shughuli, uyatoe magita yote kwenye makasha, chini ya vitanda, nyuma ya kabati na kwa ndugu uliowaachia, uyapange mahali pamoja. Usiruke hili ukidhani unayajua kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba gita langu moja lilikuwa kwa shemeji yangu Morogoro.

Kila gita lipe ukurasa wake kwenye daftari. Andika aina yake, namba ya utambulisho iliyoko nyuma ya kichwa au kwenye bamba la shingo, aina ya pikapu, uzito wake, hali ya freti (vile vyuma vilivyopandwa kukata shingo), bei uliyolinunulia, na tarehe ya mwisho uliyolipiga mbele ya watu au kulirekodia. Hiyo tarehe ya mwisho iandike kwa uaminifu, hata kama itabidi uandike mwaka tu kwa sababu mwezi huukumbuki. Piga picha za mbele, nyuma, kichwa na namba, kwa kuwa picha hizo zitakusaidia baadaye ukiuza, na zitakusaidia zaidi gita likiibwa.

Hatua ya pili: pima uwezo wako wa kutunza

Watu wengi huanza kwa kuuliza gita lipi wanalipenda zaidi. Nashauri uanze na unyevu, kwa sababu unyevu haungoji uamuzi wako. Gita la mbao hustawi hewa ikiwa na unyevu wa wastani wa asilimia 45 hadi 55, ilhali pwani yetu, hasa wakati wa masika, unyevu hupita asilimia 80 kwa siku nyingi mfululizo. Mbao hunywa maji hayo na kuvimba, shingo ikapinda, nyuzi zikapanda juu ya freti au zikalala hadi zikapiga kelele, na ile nondo ya chuma iliyomo ndani ya shingo ikahitaji kukazwa au kulegezwa. Chumvi ya hewa ya bahari nayo hula nyuzi, madaraja, tundu la kebo na vitufe vya sauti, ndiyo maana gita lililokaa muda mrefu hukoroma unapozungusha kitufe. Aliyeko Dodoma ana taabu iliyo kinyume wakati wa kiangazi: hewa kavu huisinyaza mbao, na ncha za freti hutokeza ubavuni mwa shingo hadi zikakwaruza kiganja.

Fanya hesabu hii. Kwa uzoefu wangu, gita moja katika mji wa pwani linataka kama saa moja na nusu ya huduma kila miezi miwili: kufuta jasho na kutu, kubadilisha nyuzi, kusugua freti, kukagua shingo, kuzungusha vitufe vyote na kukausha silika jeli, vile vipakiti vya kufyonza unyevu, za kwenye kasha. Magita 9 ni saa 13 na nusu, magita 4 ni saa 6. Zidisha pia bei ya seti ya nyuzi unazotumia kwa idadi ya magita, kisha kwa mara 6 kwa mwaka. Jiulize ni saa ngapi na shilingi ngapi ulitoa kweli mwaka uliopita, usiseme ulizokusudia kutoa. Namba inayopatikana ndiyo idadi ya magita unayoweza kuyamiliki yakiwa hai, na yanayozidi hapo yanaharibika taratibu hata kama makasha yamefungwa vizuri. Kwangu namba hiyo ilikuwa 5, nami sikuipenda hata kidogo.

Ukiwa na chumba kimoja chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mara kwa mara, au mashine ya kupunguza unyevu pamoja na kipima unyevu cha ukutani, namba yako itapanda. Hilo nalo ni jibu halali: huenda tatizo lako linatatuliwa na chumba badala ya kuuza.

Hatua ya tatu: kadi ya siku 90

Funga kadi ngumu kwa uzi kwenye mpini wa kila kasha, na kila ulishikapo gita kwa zaidi ya dakika kumi, andika tarehe na ulilipigia nini: mazoezi, jukwaa, studio, ibada, au kujifurahisha. Endelea kwa siku 90, ili zipite wikiendi za kutosha, sherehe kadhaa na angalau wiki moja ya uvivu. Usijilazimishe kugawa zamu ili kila gita lipate tarehe, maana hapo utakuwa umejidanganya mwenyewe.

Nilipokusanya kadi zangu, magita matatu yalikuwa yamebeba karibu kazi yote. Mawili hayakuwa na tarehe hata moja. Lililonishangaza ni gita la bei ndogo, la kiwandani Indonesia, ambalo kadi yake ilijaa mbele na nyuma, na wakati huohuo gita langu la bei kubwa kuliko yote lilitoka kashani mara mbili tu, zote nikiwa na mgeni niliyetaka alione.

Hatua ya nne: kazi na sauti

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, kwa kuwa kadi hukuonyesha mazoea yako, lakini haikuonyeshi kama gita lina kitu ambacho jingine halina.

Anza na kazi. Katika muziki wetu wa dansi, magita yana nafasi zake: solo, solo la pili, ridhimu na besi, na ndugu zetu wa Kongo wana mi-solo inayokaa katikati ya solo na ridhimu. Mpiga ridhimu anahitaji gita lenye sauti ya wazi, kali kidogo, inayopenya chini ya tarumbeta na saksafoni bila kuzifunika. Mpiga solo anayeishi juu ya freti ya 12 wakati wa sebene, ile sehemu ya kuchezeka ambapo magita hutawala wimbo, anahitaji mwili uliokatwa vizuri ili mkono ufike huko bila kujikunja. Andika kwenye ukurasa wa kila gita nafasi linayoshika. Gita lisilo na nafasi katika muziki unaoupiga sasa, wala katika muziki uliopanga kuupiga ndani ya mwaka mmoja, weka alama pembeni.

Kisha angalia maumbile. Fender, watengenezaji wa magita wa Marekani, walitoa Telecaster mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Stratocaster mwaka 1954, zikiwa na pikapu za koili moja (mzingo mmoja wa waya) na urefu wa nyuzi wa milimita 648 kati ya nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa, na daraja. Gibson walitoa Les Paul mwaka 1952, ambayo urefu wake ni takriban milimita 628. Tofauti ya milimita 20 huonekana ndogo, lakini vidole huijua mara moja: kwa nyuzi zilezile na tyuni ileile, Gibson hulegea kidogo na kukubali kuvutwa kwa urahisi, wakati Fender hukaza na kudunda. Mengi ya magita ya umeme tunayonunua, yawe ya jina kubwa au la kiwanda kisichojulikana, yamefuata mojawapo ya njia hizo mbili, hivyo mwenye magita 9 anaweza kugundua kwamba ana aina mbili tu zilizojirudia katika rangi mbalimbali.

Tofauti ya pikapu ni kubwa zaidi kwa mpigaji wa hapa kwetu kuliko vitabu vya ng'ambo vinavyoonyesha. Pikapu ya koili moja hunasa mvumo wa umeme, na kwenye kumbi zenye jenereta au waya zisizo na ardhi nzuri mvumo huo unaweza kumeza wimbo mzima. Seth Lover wa Gibson alibuni katikati ya miaka ya 1950 pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo wa kila mmoja, ile tunayoiita hambaka. Kwa hiyo mtu anayepiga kwenye kumbi za mitaani asibaki na magita ya koili moja peke yake, hata kama masikio yake yanayapenda zaidi. (Na ukihisi mtetemo wa umeme kwenye midomo unapogusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, hilo haliponywi na pikapu ya aina yoyote: acha kupiga na umwite fundi umeme.)

Baada ya hapo fanya jaribio la masikio. Weka simu juu ya kiti, mita moja kutoka kwenye amplifaya, usiguse tena vitufe vya amplifaya wala kubadilisha kebo, kisha rekodi kwa kila gita kipande kimoja cha ridhimu na kimoja cha solo, dakika moja kila kimoja. Usitaje jina la gita, taja namba tu, na orodha ya namba mkabidhi mtu wa nyumbani. Subiri siku tatu, halafu mwombe akuchezee vipande hivyo kwa mpangilio anaoutaka yeye, nawe useme ni gita gani. Magita mawili usiyoweza kuyatofautisha kwa sikio ni gita moja lililonunuliwa mara mbili. Mke wangu ndiye aliyenichezea, na niliposhindwa kwa mara ya tatu mfululizo kutenganisha magita mawili niliyokuwa nimeyatetea kwa miaka mingi, aliiweka simu mezani akaniangalia tu.

Kuna jambo moja la kulinda hapa. Anayeishi kwa gita anahitaji la akiba linalofanana na la kazi, kwa kuwa uzi ukikatika katikati ya wimbo hakuna muda wa kuubadilisha, na la akiba likiwa na shingo tofauti kabisa, vidole vitapotea. Hivyo mawili yanayofanana yanaweza kuwa halali. Matatu yanayofanana yanahitaji maelezo.

Hatua ya tano: gita la kumbukumbu

Mjomba wangu alipiga ridhimu enzi ambazo bendi kubwa zilikuwa chini ya vyama, majeshi na mashirika ya umma. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na utaratibu wa namna hiyo ulienea nchini. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi aliondoka na vidole vyake, gita akaliacha. Mjomba alipiga zaidi ya miaka kumi kabla ya kununua gita lake mwenyewe, na alipofariki gita hilo lilikuja kwangu likiwa na freti zilizochimbika chini ya nyuzi mbili za kwanza na doa lililofifia mahali alipokuwa akiegemeza mkono.

Gita kama hilo halipimwi kwa kadi wala kwa sikio, na mtu asikushawishi vinginevyo. Ila liwekee masharti. Kwanza, magita ya kumbukumbu yasizidi mawili, kwa sababu mtu akianza kuita kila gita kumbukumbu, zoezi zima limekwisha. Pili, lihesabiwe ndani ya ile namba ya hatua ya pili: gita la marehemu linaloota kutu uvunguni halimheshimu marehemu. Tatu, jua leo utamwachia nani, umwambie. Ukikosa jina la kutaja, chunguza kama unachokihifadhi ni gita au ni siku uliyolinunua. Nilikuwa na gita moja nililolinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, na nilipolikagua kwa utulivu niligundua kwamba picha yake ilinitosha.

Hatua ya sita: thamani, na gharama ya kulirudisha

Magita mengi ya kiwandani hushuka bei mara yanapotoka dukani, kisha hutulia yakitunzwa vizuri. Usilishikilie gita la kawaida kwa matumaini kwamba litakuja kuwa hazina. Kilicholiongezea fedha gita la zamani ni uasilia wake: pikapu za awali, rangi ya awali, funguo za awali. Kama ulibadilisha vipuri, tafuta vile vya mwanzo na uviweke pamoja na gita. Gita la mtindo wa Les Paul likaguliwe nyuma ya shingo karibu na kichwa, kwa kuwa kichwa chake kimeinama nyuma na huvunjika gita likianguka, na ufa uliogundishwa hushusha bei sana hata ukiwa imara. Hakikisha pia una kile unachodhani unacho. Gibson za kuiga ni nyingi, na dalili mojawapo ni kifuniko kidogo cha plastiki kwenye kichwa: kile cha Gibson hushikwa na skrubu mbili, na nyingi za kuiga zina tatu.

Upande wa pili wa hesabu husahaulika. Anayeishi London au Chicago akiuza gita akajuta, atapata jingine kama hilo ndani ya wiki. Hapa kwetu kulirudisha kunaweza kumaanisha kuagiza nje, kulipia usafiri, kulipia ushuru na kungoja. Chukua mfano: gita ambalo soko la hapa litakupa shilingi 900,000, lakini kulipata tena kutakugharimu 2,000,000 likifika mkononi. Hapo swali ni kama uko tayari kulipa 1,100,000 kwa kukosea. Kwa gita linalopatikana dukani Kariakoo wiki yoyote, gharama ya kukosea ni ndogo, basi amua haraka. Kwa gita lisilopatikana, nenda hatua inayofuata bila haraka.

Hatua ya saba: litoe nyumbani kabla hujaliuza

Magita uliyoyatilia alama yapeleke kwa rafiki mpigaji mwenye nyumba kavu, yakae siku 60. Andikianeni karatasi fupi: namba ya gita, hali yake, ruhusa ya kulipiga au la, na tarehe ya kulirudisha. Katika siku hizo, kila mara unapolihitaji gita fulani kwa wimbo fulani, andika wimbo huo. Kulikumbuka tu usiku ukiwa umelala hakuhesabiwi. Kati ya magita sita niliyoyapeleka, moja niliandika nyimbo nne kwa ajili yake, nikalirudisha na likabaki. Kwa yale matano sikuandika hata wimbo mmoja.

Usifanye uamuzi wa mwisho ukiwa na msiba, ukiwa umegombana na wenzako wa bendi, au ndani ya mwezi mmoja tangu ununue gita jipya. Ikiwa ada ya shule au hospitali inakubana, uza lile lenye alama litakalopata mnunuzi haraka zaidi, na mengine yaache yamalize siku zake.

Hatua ya nane: kuliondoa kwa usahihi

Weka nyuzi mpya, safisha vitufe kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, rekebisha urefu wa nyuzi na tyuni ya freti ya 12. Usibadilishe freti kwa ajili ya kuuza, kwa sababu fedha hiyo hairudi. Sema kasoro zote mapema, kwa maandishi na kwa picha. Mwite mnunuzi mahali penye amplifaya, apige mwenyewe. Akilipa kwa simu, fungua akaunti yako uangalie salio, kwani ujumbe mfupi unaweza kughushiwa. Andikeni stakabadhi yenye namba ya utambulisho, majina na saini za wote wawili.

Ukilituma nje ya nchi, kumbuka kwamba mbao za jamii ya rozwudi, ambayo mpingo wetu ni mmojawapo, ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Tangu Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vya mbao hizo havihitaji vibali vya mkataba huo, isipokuwa vya rozwudi ya Brazili ambayo ina ulinzi mkali zaidi. Legeza nyuzi kiasi na ujaze nguo laini chini ya kichwa, maana hapo ndipo panapovunjika njiani.

Kuuza si njia pekee. Unaweza kubadilishana mawili kwa moja bora, au kulikopesha kanisa au bendi ya mtaa kwa karatasi yenye tarehe. Na unaweza kumpa kijana. Mtaani kwangu kuna mmoja aliyekuwa akijifunza solo kwa gita kavu la nyuzi tano, wa sita ukiwa umekatika muda mrefu. Ukimpa, mpe pamoja na begi, kebo na seti mbili za nyuzi, kwa sababu gita la umeme lisilo na kebo litarudi uvunguni, safari hii uvunguni mwa kitanda chake. Yeye alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, na asante, mzee," kisha akaliweka sikioni akalicharaza bila amplifaya, papo hapo mlangoni.

Fedha za mauzo zigawe kabla hujazizoea. Sehemu ya kwanza iende kwa yaliyobaki. Langu la kazi lilipata freti mpya na nati ya mfupa, la mjomba lilipata tundu jipya la kebo, na nilinunua kipima unyevu ambacho sasa kinaning'inia ukutani juu ya magita manne. Kadi sikuzitoa. Ile ya gita la mjomba ina tarehe ya Jumapili iliyopita, na pembeni nimeandika: ridhimu, saa mbili.